Kiti cha Tabaka Kumi na Mbili

Dada yangu Lorraine hukalia beseni. Usicheke. Ana miaka sita, na mgongo wake hauna nguvu ya kumshikilia wima. Ukimweka kwenye kiti cha kawaida, huteleza polepole hadi kidevu kiguse kifua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijavaa sare, mimi hulitoa lile beseni la buluu la kufulia, nikaweka mto mmoja nyuma na miwili ubavuni, kisha Mama akamshusha Lorraine katikati. Humo ndimo anamonywea uji. Akianza kukohoa tunamtoa mbio, kwa sababu mtu aliyejikunja vile hupaliwa upesi.

Tukimaliza, jirani yetu Mama Hibo huja kukaa naye. Mama huenda kazini kwenye bucha la Bwana Mativo, kando ya barabara ya Spine, anakopika ugali na kukata kachumbari. Mimi huenda shuleni, hapa hapa mtaani Kayole, Gredi ya Saba. Na kila siku napita mbele ya darasa ambalo Lorraine angepaswa kuwa ndani yake.

Shule yetu ina darasa la watoto kama yeye. Wako sita. Mwalimu wao alimwambia Mama waziwazi, "Nafasi ipo, lakini aje na kiti cha kumshikilia. Siwezi kumfundisha mtoto akiwa amelala sakafuni." Hospitalini jina la Lorraine lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri kiti kwa mwaka wa pili. Orodha hiyo haikuwa ikisonga. Nilikuwa na hasira nayo kama ninavyoweza kuwa na hasira na mtu.

Basi siku Mwalimu Muasya, anayetufundisha Ufundi, alipoingia darasani amekumbatia katoni tupu za sabuni na kusema kwamba tutatengeneza viti vitano vya watoto wa darasa lile na wanaongoja kuingia, niliinua mkono hata kabla hajauliza swali.

"Viti vya karatasi?" Nthoki alicheka. Nthoki hucheka kwanza, hufikiri baadaye. "Mwalimu, si mtu atajipata chini?"

"Utakaa wewe, nami nitakaa juu yako, na kisibonyee," Mwalimu Muasya alijibu. "Lakini mpaka ufuate utaratibu."

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukiikata katoni utaona vijifereji vidogo ndani yake. Tabaka ya kwanza unaiweka vijifereji vikiwa vimesimama, ya pili vikiwa vimelala, ya tatu vimesimama tena, ili kila tabaka izuie nyenzake isikunjike. Kati ya tabaka na tabaka unapaka uji mzito wa unga wa ngano. Baada ya tabaka tatu unaacha. Unalaza mitungi ya maji juu yake usiku kucha, kisha unaanika juani siku mbili au tatu. Zikikauka ndipo unaongeza tatu nyingine, hadi zifike kumi na mbili. Ukiharakisha, unyevu unabaki katikati, na kiti kinaoza kutoka ndani huku nje kikionekana kizuri.

Ili kujua kama kimekauka, Mwalimu alikuwa na waya aliochomoa kwenye gurudumu la baiskeli na kuunoa ncha. Unaudunga kwenye ukingo. Ukitoka safi, endelea. Ukitoka na uji, rudisha juani. Ukutani tulibandika jedwali: tarehe, hali ya hewa, waya umetokaje, na alama ya vema kwa kila tabaka tatu.

Katoni zilitoka kwa babake Abdifatah, ambaye ana duka la jumla. Abdifatah alizibeba kichwani kila asubuhi, na Nthoki hakuchoka kumwita lori. Mimi nilipika uji wa gundi. Nilipima mgongo wa Lorraine kwa uzi, nikapima mapaja na urefu wa mguu, nikamletea Mwalimu vipimo kwenye karatasi. Kiti cha kwanza kilikatwa kwa vipimo vyake. Kilikuwa na mabawa mawili ya kumzuia asianguke upande, na meza ndogo ya mbele ya kuwekea kikombe.

Kisha mvua ya Mei ikaanza, na haikuwa na haya. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kidogo, ikanyesha jioni. Tuliviingiza viti ndani, tukavitoa, tukaviingiza. Tabaka tatu za kwanza zilikuwa zimekauka vizuri kabla ya mvua. Sita zilizofuata, tulizoongeza kwa matumaini ya jua, zilikuwa baridi kila nilipozigusa.

Jumatatu moja naibu wa mwalimu mkuu, Bi. Asenath, aliingia darasani. Ni mwanamke mrefu anayetembea haraka, na akiingia hata waliokuwa wakinong'ona huacha midomo wazi.

"Wageni waliosaidia darasa la watoto wetu wanakuja Alhamisi hii, si baada ya wiki mbili kama tulivyopanga," alisema. "Malizieni tabaka leo. Kesho mpake rangi."

"Mwalimu, havijakauka," Mwalimu Muasya alisema.

"Vitakauka Alhamisi."

"Rangi itafungia maji ndani."

"Mwalimu Muasya, niliwaahidi viti vitano. Unataka niwaonyeshe katoni?" Aligeukia ukuta. "Na jedwali hili lina nafasi tupu. Lijazeni. Mgeni hawezi kuja kuona mapengo." Kisha akaniangalia mimi, sauti ikashuka. "Wacuka, kiti cha kwanza ni cha dada yako. Akikikalia mbele ya wageni, siku hiyohiyo tunamwandikisha."

Nataka kusema kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilichukua kalamu nyekundu nikajaza vema, moja baada ya nyingine. Tarehe kumi na mbili Mei: jua kali, waya safi, vema. Abdifatah alisimama nyuma yangu.

"Lakini tarehe kumi na mbili maji si yaliingia hadi darasani?" aliuliza.

"Nyamaza," nilimwambia. "Wewe hujui maana ya mtu kukaa kwenye beseni."

Aligeuka akaenda kupanga katoni. Hilo lilinikera zaidi kuliko kama angebishana.

Jumanne, kabla ya rangi kupakwa, niliuchukua ule waya nikadunga kiti cha Lorraine. Ulizama bila kupingwa. Ulipotoka ulikuwa na ute wa kijivu wenye harufu ya uji uliochacha. Nilimpelekea Mwalimu Muasya. Aliutazama, akaufuta kwa leso yake, akauweka mfukoni.

"Ni picha tu, Wacuka," alisema bila kuniangalia. "Dakika moja. Wakiondoka tutavianika."

Mtu mzima akisema dakika moja, unatamani kuamini. Nilitamani. Jumatano jioni nilimkuta Mama akipiga pasi gauni la Lorraine la njano, lile la kanisani. Bi. Asenath alikuwa amempigia simu. Mama alikuwa ameomba ruhusa kwa Bwana Mativo na alikuwa akiimba.

"Kesho mwanangu anakaa kama malkia," alisema. "Si ndiyo, Wacuka? Kiti kiko tayari?"

"Kiko tayari," nilisema.

Alhamisi walikuja wageni watatu. Viti vitano vilipangwa chini ya hema uwanjani, vyote vya manjano, vikimetameta. Jedwali letu lilitundikwa pembeni. Bi. Asenath alizungumza kuhusu ubunifu, uvumilivu na viti imara vilivyotengenezwa na wanafunzi kwa mikono yao. Wazazi walipiga makofi. Kisha akasema, "Na sasa mtoto wa kwanza."

Mama alitoka mbele akiwa amembeba Lorraine. Lorraine alikiona kiti, akacheka kwa sauti, ile sauti yake ya juu inayofanya watu wasiomjua wageuke. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kiti. Mmoja wa wageni aliinua simu apige picha. Mama akainama kumshusha.

Sikupanga lolote. Nilijiona tu nimetoka kwenye mstari, ninakimbia, nimempita Bi. Asenath, na nimekikalia mimi.

Kilitoa mlio kama wa mtu anayekanyaga tope. Rangi ilipasuka kama ganda la yai. Kikalio kilizama, bawa la kushoto likafunguka nje, na uji uliochacha ukatoka kwenye nyufa ukanilowesha sketi. Meza ndogo ya mbele ilining'inia kidogo, kisha ikaanguka kwenye nyasi.

"Wueh!" Nthoki alisema.

"Wacuka! Toka hapo!" Bi. Asenath alipaza sauti. "Unaharibu mali ya shule!"

"Ni kibichi, Mwalimu."

"Wewe ndiwe mzito! Hicho ni kiti cha mtoto!"

"Mwalimu Muasya alisema angekaa yeye juu ya Nthoki na kisibonyee," nilisema. "Mimi nina kilo thelathini na tisa. Lorraine angeketi, angeanza kuteleza, na hakuna bawa la kumshika. Mlitaka apigwe picha akianguka?"

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alikuwa amelisogelea jedwali. "Hapa imeandikwa kimekauka," alisema polepole. "Tarehe kumi na mbili, jua kali. Nakumbuka siku hiyo, mvua ilitufungia mjini. Nani aliandika?"

Bi. Asenath alitazama mbali. Mwalimu Muasya alitazama viatu vyake. Wenzangu wa Gredi ya Saba walinitazama mimi.

"Ni kalamu yangu," nilisema. "Nilidanganya. Vema zote za mvua ni za uongo. Dungeni vile viti vingine mwone."

Abdifatah ndiye aliyedunga. Alimwomba Mwalimu Muasya ule waya kwa adabu zake zote, akadunga viti vinne kimoja kimoja mbele ya watu, na kila mara waya ulitoka na ute. Wageni hawakupiga picha. Yule mama mwenye miwani aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema watarudi viti vikiwa tayari, wakaondoka kabla ya soda.

Ofisini Bi. Asenath hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. "Unajua watu wale wangetujengea nini?" aliniuliza. "Choo cha wale watoto. Chenye vishikio. Umewahi kufikiria hilo, au unafikiria dada yako peke yake?" Akamgeukia Mama. "Mtoto huyu ataomba msamaha mbele ya gwaride. Asipoomba, sijui nitamfanyaje."

Mama alisema, "Nimesikia, Mwalimu," akambeba Lorraine, tukaondoka.

Nilidhani njiani atanisifu. Alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika nyumbani na Lorraine akarudi kwenye beseni, bado amevaa gauni lake la njano.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Jumanne."

"Na jana nilipokuuliza ukiwa umesimama hapo, ulinijibu nini?"

Nilijifanya kuuweka sawa mto wa Lorraine.

"Nilimbeba mtoto wangu mpaka huko nikifurahi kama mjinga," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuisikia. "Wale walimu ni watu wa nje. Wewe unalala kitanda kimoja na huyu. Kama ungechelewa hatua mbili, Wacuka? Kama ungejikwaa?"

Hapo hasira yangu yote, niliyokuwa nimeielekeza shuleni, iligeuka ikanirudia. Nilipiga magoti kando ya beseni nikamwomba Lorraine msamaha, kisha nikamwomba Mama. Lorraine alinivuta sikio. Mama alikwenda jikoni, akarudi, akasimama mlangoni.

"Hivyo viti," alisema, "tatizo lake ni maji peke yake?"

"Ndiyo."

"Ule ukuta wa nyuma ya jiko la nyama kazini kwetu huwa na joto kutwa. Huwezi kuuegemea. Mvua ikinyesha isinyeshe."

Ijumaa jioni niliwaambia wenzangu. Nthoki alicheka kwanza, kisha akafikiri, kisha akaenda kutafuta mkokoteni. Tulibandua rangi kwa visu. Tulichambua tabaka mbichi moja baada ya nyingine mpaka tukafikia zile tatu kavu za mwanzo, na hapo ndipo tukaanza upya. Abdifatah alileta katoni mpya. Mwalimu Muasya alikuja bila kuitwa, amevaa koti la kazi. Alichukua kisu na kuanza kubandua pamoja nasi, na mimi sikumpa nafasi ya kuzungumza nami, kwa sababu bado nilikuwa nimemkasirikia.

Bwana Mativo, mwenye bucha, ni mtu mnene mwenye aproni isiyowahi kuwa nyeupe. Alisimama akatutazama tukipanga katoni kwenye ukuta wake.

"Wateja wataniuliza leo nachoma mbuzi au nachoma shule," alisema.

"Sema unachoma shule, Mzee," Nthoki alimwambia. "Watakuja wengi."

Tulikaa pale kila siku baada ya masomo kwa majuma matatu. Tabaka tatu, mitungi, ukuta, waya. Tabaka tatu tena. Siku waya ulipotoka na ute, hata kama ulikuwa mdogo kama jicho la sisimizi, tuliandika kwenye jedwali jipya: bado. Jedwali lile lilijaa "bado" mpaka ikawa aibu kulitazama. Siku ya nne mfululizo ya "bado", Abdifatah aliniambia, "Wacuka, hiki kimekauka bwana, huo ni unyevu wa mkono wako." Nilimtazama. Akachukua kalamu, akaandika "bado" mwenyewe.

Kiti cha Lorraine kilipofika tabaka ya kumi na mbili, Mwalimu Muasya alikikalia. Kisha akamwita Nthoki akae juu ya magoti yake, naye Nthoki akakataa kwa kelele, basi tukampakatisha Mwalimu mitungi miwili ya maji. Hakikubonyea. Kiti kilinuka nyama choma, na harufu hiyo haijatoka hadi leo.

Lorraine alikaa ndani yake Jumamosi, nyumbani kwetu, bila mgeni wala simu. Mabawa yalimshika. Alikunywa kikombe kizima cha uji bila kukohoa hata mara moja, akiwa ametulia, akitutazama usoni sote. Katika miaka sita sikuwa nimewahi kutazamana na dada yangu macho kwa macho akiwa ameketi. Mama alienda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, akakaa huko kidogo.

Jumatatu iliyofuata Lorraine aliandikishwa. Viti vyote vitano vilitolewa mbele ya gwaride, kila kimoja na mtoto wake. Mwalimu Muasya aliomba kuzungumza.

"Wanafunzi," alisema, na karatasi aliyoishika aliikunja akaiweka mfukoni. "Siku ile ya Jumanne, Wacuka aliniletea waya wenye uji. Nilijua maana yake. Mimi ndiye niliyewafundisha maana yake. Nikaufuta kwa leso, kwa sababu niliogopa kuulizwa mbona kazi haijaisha. Mtoto alinipa ukweli mkononi, nami nikautia mfukoni. Nawaomba msamaha wote, na wazazi wa watoto hawa kwanza. Kazi ambayo haijaisha si aibu. Unaandika 'bado', unarudi kesho. Ukiandika kwamba imeisha, kuna mtu mahali fulani ataikalia kwa kukuamini, na mara nyingi ni yule asiyeweza kujishika akianguka. Kumbukeni hilo mkiwa mafundi, madaktari, au chochote kile."

Bi. Asenath alichukua kipaza sauti. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

"Tumesikia," alisema. "Mwalimu Muasya amesema yake, na mimi nitazungumza na wageni wale mwenyewe na kuwaeleza. Lakini nidhamu ni nidhamu. Mwanafunzi alitoka kwenye mstari, akamkatiza mwalimu, akavunja kiti mbele ya watu. Wacuka, njoo. Nimekungoja majuma matatu, sasa omba msamaha, mambo haya tuyamalize."

Nilitembea hadi mbele. Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Niliwaona wenzangu, nikamwona Mama amesimama kwenye lango na aproni yake ya kazini.

"Nilijaza jedwali kwa uongo," nilisema. "Kwa hilo nilimwomba dada yangu msamaha, na mama yangu. Leo nawaomba na nyinyi, na wewe Mwalimu Asenath pia, kwa sababu wageni walisoma uongo wangu. Hilo ni kosa langu na sitalirudia."

Bi. Asenath alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Sikumpa.

"Lakini kwa kukalia kile kiti, Mwalimu, siombi msamaha. Sikuomba siku ile, siombi leo, na ukiniita tena Jumatatu ijayo, sitaomba."